Milima Minne kwa Basi na Treni: Ukiwa Dodoma Bila Gari, Uende Upi?

Dodoma ina vilima vingi vya mawe, na jioni za mwisho wa wiki utawakuta watu wamekwea kimojawapo wakipunga upepo na kuutazama mji. Lakini anayetaka mlima hasa, wenye msitu, ukungu, maji yanayoporomoka na njia ya kumtoa jasho toka asubuhi hadi alasiri, hana budi kusafiri. Na kwa wengi wetu, hasa tuliohamia huku baada ya Serikali kuanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kusafiri ni basi, treni, daladala na bodaboda. Gari la kuazima halipatikani kila unapolitaka, na la kukodi linameza pesa ambayo ingelipa nauli, malazi na kiingilio ikabaki chenji.

Ninalinganisha sehemu nne ambazo mtu wa Dodoma anaweza kuzifikia kwa usafiri wa umma: Milima ya Uluguru iliyo juu ya mji wa Morogoro, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa kwa upande wa Mang'ula, Mlima Hanang unaosimama juu ya mji wa Katesh, na vilima vya Irangi pale Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya miambani. Hazifanani hata kidogo. Mmoja unakufaa ukiwa na siku mbili tu, mwingine ukiwa na likizo, mwingine ukiwa na mapafu na magoti ya kuaminika, na mmoja unaweza kwenda hata na mama mkwe.

Angalia unaposhushwa

Swali la kwanza la kila mtu huwa ni "mbali kiasi gani?" Ni swali la haki, ila kwa asiye na gari halitoshi. Basi la mikoani likishakubeba, kilometa mia zaidi ni kukaa na kusinzia tu. Kazi inaanza pale konda anapogonga bodi na kukwambia umefika. Kutoka hapo hadi njia ya mlima inapoanzia kuna nini? Daladala zipo? Bodaboda wanapajua? Kuna ofisi ya kukupokea, au unabaki na begi mgongoni ukiulizia kwa wenye maduka? Kipande hicho cha mwisho ndicho kinachokula muda, kinachopandisha gharama, na kinachoamua kama utajikuta unatafuta gesti usiku katika mji usioujua. Mimi ndicho ninachokitazama kwanza kabla ya kutazama picha za kilele.

Kwa kipimo hicho Morogoro haina mpinzani. Tangu treni za SGR zilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari ya hadi Morogoro haizidi saa mbili kwa treni. Unashukia Kihonda, unachukua bajaji au daladala kuingia mjini, na mlima unauona tangu stesheni, umekaa juu ya paa za nyumba. Kwa basi ni kama kilometa 260 kupitia Kibaigwa, Gairo na Dumila hadi stendi ya Msamvu, na hilo bado ni chaguo zuri kwa anayetaka kujaza mfuko wa mahindi na nyanya njiani wakati wa kurudi. Ukiwa mjini Morogoro, njia za Uluguru zinaanzia mgongoni mwa mji. Bodaboda anakupeleka mpaka lami inapoishia, basi, umefika.

Udzungwa ni mbali zaidi, na wengi huikata kwenye orodha kwa sababu hiyo. Wanaikosea. Kutoka Msamvu unapanda basi la Ifakara. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na kwenye kiti cha dirishani unaweza kuona twiga, swala, pundamilia, na mara nyingine tembo, bila kulipa zaidi ya nauli. Ukifika mji wa Mikumi basi linaiacha barabara ya Iringa na kukata kushoto, linateremka Kidatu, linavuka Ruaha Mkuu, halafu mashamba ya miwa yanaanza, pande zote mbili, mpaka macho yanachoka. Kuanzia hapo ukuta wa milima unakusindikiza kulia kwako. Unapita Sanje, kisha Mang'ula, na ofisi ya hifadhi ipo mwendo mfupi wa miguu kutoka barabara kuu. Huko nyuma kipande cha baada ya Kidatu kilikuwa cha vumbi na matope, na ndiyo sifa mbaya ambayo bado watu wanaisimulia. Sasa ni lami. Kwa hiyo Udzungwa ina safari ndefu yenye mwisho mwepesi: unashuka kwenye basi, unatembea, uko getini. Reli ya TAZARA nayo inapita Mang'ula, ila hiyo inamfaa anayetokea Dar.

Kolo ni kinyume chake. Ndiyo karibu kuliko zote kwa anayetoka Dodoma kwa barabara, maana ipo kwenye lami ya Dodoma–Kondoa–Babati, mbele kidogo ya Kondoa mjini. Basi lolote la Babati au Arusha linalopita njia hiyo linaweza kukushusha ukimwambia konda mapema. Tatizo ni kwamba ukishuka Kolo hujafika kwenye michoro. Mwamba maarufu kuliko yote, Mungomi wa Kolo, uko kilometa kadhaa ndani, kwa njia ya udongo inayohitaji bodaboda mzoefu, halafu kuna mpando wa miguu. Panga kipande hicho ukiwa bado kwenye ofisi ya kituo cha michoro pale Kolo, na kubaliana na mwendesha pikipiki kwamba atakungoja. Akikuacha na kuahidi kurudi, nusu ya siku yako umeiweka mikononi mwake.

Hanang una njia mbili. Ya kwanza ni Dodoma hadi Babati, kama kilometa 250, kisha gari la Katesh. Ya pili ni Dodoma hadi Singida kupitia Manyoni, kisha basi la kuelekea Babati na Arusha linalopita Katesh. Zote ni lami. Mimi napendelea ya Kondoa na Babati kwa sababu ya mteremko na milima ya Irangi njiani, lakini anayepata basi la Singida mapema zaidi asisite. Kwa vyovyote, siku ya kwanza ni ya safari tu. Utalala Katesh, utaamka na mlima umekuinamia, na bodaboda atakufikisha mguuni pake kwa muda mfupi.

Kuteremka ili upande

Kuna jambo ambalo mtu wa Dodoma halioni kwenye ramani. Mji wetu upo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Mang'ula ipo bondeni, chini sana kuliko Dodoma, katika Bonde la Kilombero lenye joto la unyevunyevu. Morogoro nayo ipo chini, karibu mita 500. Maana yake unateremka kwanza, halafu ndipo unapanda, na mwili uliozoea upepo mkavu wa Dodoma unaanza kulowa kabla hata hujafunga kamba za viatu. Kunywa maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, na usianze kwa kasi ya kushindana.

Katesh ni tofauti kabisa. Hapo tayari uko juu kuliko Dodoma, usiku kuna baridi, na kilele cha Hanang kinafika takriban mita 3,420, mlima wa nne kwa urefu nchini. Kolo haikusumbui kwa joto la bonde wala kwa baridi ya kilele. Kwa hiyo ukipanga mavazi, usipange "nguo za mlimani" kwa ujumla. Udzungwa na Uluguru zinataka nguo nyepesi zinazokauka haraka, koti la mvua na viatu vyenye meno. Hanang unataka sweta nzito, kofia ya kufunika masikio na glavu. Kolo kofia ya jua na viatu vilivyofungwa vinatosha.

Udzungwa: hifadhi ya miguu

Nakaa zaidi hapa kwa sababu ndipo nilipo na mengi ya kusema. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za magari ya watalii. Kila mtu anatembea. Mwenye gari la kifahari na aliyekuja na basi la Ifakara wanasimama kwenye mstari mmoja na mwongozaji mmoja. Katika hifadhi nyingi za nchi hii asiye na gari ni mtu wa kungoja huruma ya wenye nafasi kwenye magari yao. Udzungwa imeondoa unyonge huo tangu mlangoni, na hilo pekee lingetosha kuipa alama nyingi katika ulinganisho wa namna hii.

Njia zake zimepangika kwa kila aina ya mguu. Ya maporomoko ya Prince Bernhard ni fupi, karibu na makao makuu, unaweza kwenda na kurudi jioni ileile unayofika. Ya Sonjo nayo ni ya nusu siku, yenye maporomoko mawili. Ila anayefika Mang'ula na kuondoka bila kupanda Sanje amejinyima. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita zipatazo 170 kwa ngazi tatu, na mzunguko wake unachukua kama saa nne kwa mwendo wa kawaida wenye kupumzika. Mpando wa mwanzo ni mkali, mizizi imejitokeza kama vipandio, na ndani ya msitu mwanga unabadilika kuwa wa kijani. Kisha unatokea juu, kwenye mabwawa ambapo watu huoga, na bonde zima la Kilombero liko chini yako: miwa imekatwa vipande vya mraba, moshi wa kiwanda upande wa Kidatu, na kwa mbali tambarare inayoelekea Hifadhi ya Nyerere.

Sikiliza kabla ya kutazama. Mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye nywele za rangi ya kutu kichwani, anaruka kutoka tawi hadi tawi kwa kishindo cha majani, na hapatikani mahali pengine popote duniani zaidi ya milima hii na misitu ya bonde iliyo jirani nayo. Vivyo hivyo mangabe wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979, ingawa wanakijiji walikuwa wakimsikia miaka yote. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa, na misitu yake imekaa peke yake kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mlima umejitengenezea viumbe vyake. Uluguru nao upo kwenye mnyororo huohuo.

Anayetaka zaidi kuna kilele cha Mwanihana, kinachopita mita 2,000. Hicho ni cha kulala msituni, pamoja na askari mwenye silaha, maana kuna nyati na tembo. Usikipange kwa safari yako ya kwanza. Nenda kwanza Sanje, uone mwili wako unasemaje.

Ubaya wa Udzungwa nao nautaja waziwazi. Sanje iko kabla ya Mang'ula ukitokea Kidatu, lakini taratibu za malipo na mwongozaji zinafanyika Mang'ula, kwa hiyo utapita mahali unapokwenda, ujisajili, kisha urudi nyuma kwa bodaboda au daladala. Hilo linamshangaza kila mgeni. Pili ni mbu. Bonde la Kilombero lina malaria kwelikweli, na si bure kwamba taasisi ya utafiti wa malaria ilijengwa Ifakara. Gesti isiyo na chandarua usiikubali, hata ikiwa ya bei poa. Tatu, wikiendi ya kawaida haitoshi. Ukitoka Dodoma Ijumaa jioni utalala Morogoro, Jumamosi mchana utafika Mang'ula, na Jumapili utapanda Sanje huku unawaza basi la kurudi. Ongeza siku moja, au ungoja sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu.

Uluguru: mlima wenye wenyewe

Tofauti kubwa ya Uluguru na Udzungwa ni watu. Udzungwa ukishavuka geti huoni shamba wala nyumba. Uluguru unapanda kupitia maisha ya Waluguru, na msitu uko juu yao, ndani ya hifadhi ya mazingira asilia inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Njia ya Morningside ndiyo ya kuanzia. Morningside yenyewe ni nyumba ya kale ya enzi za Wajerumani iliyo kama mita 1,300 juu, na unaifikia kwa saa mbili hadi tatu za kupanda taratibu. Toka alfajiri. Wakati wewe unahema kwenye kona ya kwanza, utakutana na akina mama wanateremka, tenga la ndizi au njegere kichwani, yeboyebo miguuni, wanazungumza kabisa bila kukatika pumzi. Ni wao wenye njia. Wapishe upande wa ukingo ulio salama, waamkie "shikamoo mama" kwa wenye umri huo, na ukitaka kununua kitu usubiri watue wenyewe. Msimu wa stroberi unaweza kuzipata hapohapo njiani, mbichi, kwa bei ambayo Dodoma hutaisikia.

Njia ya Choma ni ya maporomoko na vijiji, nayo ni ya nusu siku. Kilele cha Lupanga ni habari nyingine. Kina zaidi ya mita 2,100, na kwa kuwa mji wenyewe upo chini, unapanda kiasi cha mita 1,500 kwa siku moja. Udongo ni mwekundu, unateleza, na sehemu za juu unashika mizizi kwa mikono. Kileleni miti imefunga, mara nyingi na ukungu juu yake, kwa hiyo anayefuata mandhari ya kupiga picha atavunjika moyo. Anayependa msitu kwa ajili ya msitu, ule ubaridi, kuvu juu ya magome na ndege ambao hawapatikani nje ya Uluguru, ataridhika. Kati ya Lupanga na Sanje, kwa siku moja, mimi nachagua Sanje kila mara. Jasho ni dogo, malipo ya macho ni makubwa.

Jambo moja ambalo watu wa Dar hawaliwazi wanapofungua bomba: maji ya mto Ruvu wanayoyanywa chanzo chake ni milima hii. Ukiona kijito kinapita njiani, usifulie na usioshee vyombo humo.

Hanang: mlima wa kujipima

Hanang ni volkano ya kale iliyosimama peke yake kwenye tambarare za Wadatoga na Wairaqw. Wanaotaka kwenda Kilimanjaro siku moja wanakuja kujipima hapa, na ni uamuzi mzuri, maana gharama ni ndogo sana ukilinganisha. Wenye nguvu hupanda na kushuka kwa siku moja ndefu, wakianza kabla ya jua. Mimi ningeshauri kulala njiani na hema, hasa kwa aliyekaa kwenye basi siku nzima iliyotangulia.

Maji ndiyo shida kubwa ya Hanang. Juu hakuna pa kutegemea, hivyo yote unayabeba toka chini, na uzito huo unabadilisha kila kitu. Sehemu ya msitu ina kivuli, lakini ukitoka humo unapanda uti wa mlima mwembamba, upepo pande zote mbili, ukidhani umefika kileleni kumbe bado kuna kingine mbele.

Na siwezi kuandika kuhusu Hanang bila kutaja tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa iliteremsha tope, mawe na magogo kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani, vikiwemo Gendabi na Jorodom, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Njia maarufu ya kupandia inaanzia upande huohuo wa Jorodom. Ukipita, unapita katika mitaa ya waliofiwa. Usiulize maswali ya udadisi, usipige picha za makorongo kama kivutio. Na wakati wa mvua usipande, hata mtu akikuhakikishia kwamba hakuna neno.

Kolo: kilima kifupi, kumbukumbu ndefu

Kwa mguu wa mpanda milima Kolo ni nyepesi, na sitajifanya kuilinganisha na Hanang kwa ugumu. Iko hapa kwa sababu ni ya mkoa wetu, na kwa sababu juu ya mpando wake kuna kitu ambacho milima mingine mitatu haina. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kwenye mwamba wa Mungomi utaona, kwa rangi nyekundu iliyofifia, watu warefu wembamba, pofu, twiga na tembo, vimechorwa juu ya vingine mpaka inabidi usogee, uinamishe kichwa, na ungoje macho yazoee kabla mstari mmoja haujajitenga na mwingine. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Usiguse. Mafuta ya vidole yanaharibu, na kumwagia maji ili rangi iwake kwenye picha kunaharibu zaidi. Watu wa eneo hilo bado wanapatumia kwa matambiko, kwa hiyo mwongozaji akikuomba unyamaze au usipite upande fulani, tii.

Ukiwa juu angalia pia ardhi ya Irangi. Makorongo mekundu unayoyaona ni kidonda cha mmomonyoko ambao mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza kupambana nao mwaka 1973, hadi ikafika mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lote lililoathirika. Miti iliyorudi kwenye vilima hivyo ni matokeo ya uamuzi huo mgumu, uliowaumiza wafugaji wengi.

Vibali, pesa na msimu

Hapa nitakwenda haraka. Udzungwa unalipa TANAPA, Uluguru na Hanang unalipa TFS, Kolo unalipa kwenye ofisi ya kituo iliyo kandokando ya barabara. Malipo ya serikali hupewa namba ya malipo, ukalipia kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio kabla hujafika. Beba kitambulisho cha NIDA: Mtanzania analipa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni anayelipa kwa dola, ila lazima uthibitishe. Kwa Mtanzania, nauli na malazi ndiyo yanayobeba bajeti, siyo kiingilio. Kwa maana hiyo Kolo ndiyo nafuu kuliko yote, Uluguru inafuata, na Udzungwa na Hanang ndizo za kuchangia kidogokidogo. Mwongozaji mnagawana, hivyo watu wanne ni bora kuliko mmoja.

Kuhusu msimu, Juni hadi Oktoba ni miezi ya amani kwa zote nne. Baridi ya Hanang inauma zaidi Juni na Julai. Maporomoko ya Sanje na Choma yana nguvu zaidi mara baada ya masika, kwa hiyo Juni ninaipenda kuliko Oktoba. Machi na Aprili uziache Uluguru na Udzungwa zilowe zenyewe. Kolo inapendeza pia Januari na Februari, vilima vikiwa kijani, ila uulize hali ya ile njia ya udongo kabla ya kupanda pikipiki.

Basi, nani aende wapi

Mwenye Jumamosi na Jumapili tu, aende Uluguru kwa treni. Alale Morogoro, apande Morningside au Choma alfajiri, na jioni yuko Dodoma. Sioni mlima mwingine unaoweza kuishindania siku hizo mbili.

Mwenye watoto wa shule, wazazi wenye nguvu za wastani, au kikundi cha kanisa au msikiti kinachotaka kwenda pamoja bila mtu kubaki nyuma, aende Kolo. Kosta moja mkichangishana mnaitoa mjini asubuhi na kuirudisha usiku, na hata wasioweza mpando wa mwisho watakuwa wameona kitu kwenye ofisi ya kituo.

Anayejiandaa kwa Kilimanjaro au Meru, mwenye mazoezi ya miguu kwa majuma kadhaa nyuma yake, aende Hanang, kipindi cha kiangazi, na wenzake wasiopungua wawili. Peke yako usiende.

Mwenye siku nne au zaidi, asisite: Udzungwa. Akiniuliza mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote na ana nafasi moja tu mwaka huu, nitamtuma hukohuko, kwa sababu atapata msitu, maporomoko, wanyama wasiopatikana kwingine, na barabara ya Mikumi juu yake, na hakuna hata hatua moja ya safari hiyo inayomtaka awe na gari.

Kwa anayechagua Udzungwa, jambo moja la kupanga kabla ya kulala siku ya kwanza: ulizia pale Mang'ula mabasi ya kurudi Morogoro yanapita saa ngapi asubuhi, na ukate tiketi yako mapema. Mengi yanatokea Ifakara, na wikiendi ya sikukuu yanafika Mang'ula yameshajaa.